Sura za kimataifa kwa shuti ya Zanzibar: uwalete kutoka Ulaya, uwachukue Cape Town, au uwatafute waliopo hapa hapa?

Mteja yuko Hamburg, hoteli iko Nungwi, na brifu, yaani maelekezo ya tangazo analolitaka, imeandikwa "sura za kimataifa": wapenzi wa miaka thelathini na kitu, familia yenye mtoto mmoja, mzee wa mvi anakunywa chai barazani. Prodyuza wa hapa anabaki na swali moja tu, hawa watu nawatoa wapi? Njia kubwa ni tatu. Unawasafirisha kutoka kwao Ulaya au Marekani, unawachukua kupitia ajensi za Cape Town, au unatafuta watu ambao tayari wanaishi Zanzibar, Dar, Arusha au Nairobi. Nimeratibu kazi za njia zote tatu, na zote nimeziona zikitoa picha nzuri na zote nimeziona zikimchoma mtu hela, kwa hiyo naziweka sambamba hapa ili wewe mwenye tarehe na bajeti yako uone ipi inakaa.

Vya kupimia

Nitapima kwa mambo matano, na nitayarudia kwa kila njia. La kwanza ni hela yote kwa jumla, maana malipo ya siku ya mwigizaji ni kipande kimoja tu cha bili. La pili makaratasi: viza, kibali, kodi. La tatu kazi yenyewe mbele ya kamera, anajua kuigiza, anavumilia jua, anaelekezeka? La nne haki ya kutumia sura yake, yaani tangazo litaonekana wapi na kwa muda gani, na hili ndilo wengi wanaliruka halafu linakuja kuwatafuna baadaye. La tano, siku mambo yakiharibika unafanyaje.

Kuna vitu havibadiliki hata uchague njia ipi, tuvimalize kabisa. Kibali cha filamu kinahitajika, Bara unakwenda Bodi ya Filamu, Zanzibar unakwenda BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni), na usidhani karatasi ya upande mmoja itakuvusha upande wa pili bila maswali. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, mzalishaji wa nje anayetumia maudhui ya Tanzania, matangazo ya biashara yakiwemo, anatakiwa kuikabidhi Bodi nakala ya picha ghafi na ya kazi iliyokamilika, kwa hiyo mwambie mteja wako mapema asije akashtuka mwishoni. Halafu bahari. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, siku za bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, saa nne asubuhi unaweza kukuta mchanga na majani ya bahari tu mpaka kule kwenye mwamba, na mwigizaji uliyemlipa amekaa chini ya mwavuli anasubiri maji yarudi alasiri. Nungwi na Kendwa hali ni nafuu. Hilo kumbuka, maana linagusa ni nani anaweza kusubiri na ni nani saa yake inahesabiwa.

Njia ya kwanza: kuwaleta kutoka kwao

Hela. Mtu wa siku mbili za kamera si mtu wa siku mbili. Ana siku ya kuja, siku ya kurudi, siku ya kupumzika na kujaribu nguo, na siku ya akiba hali ya hewa ikigoma. Ajensi nyingi zinatoza siku ya safari nusu ya malipo ya siku, juu yake weka tiketi, chumba, hela ya chakula, bima, na kamisheni ya ajensi ambayo mara nyingi ni 20% juu ya malipo, wewe mteja ndiye unayeilipa. Halafu kuna kodi, na hapa nawaomba wadau msome taratibu. Kama malipo yanapitia kampuni yako ya Tanzania, malipo ya huduma kwa mtu asiye mkaazi yanakatwa 15% kabla hayajatoka. Ajensi ikikuandikia kwamba msanii anataka euro 2,000 mkononi, maana yake wewe unabeba kama euro 2,353, zile 353 zinakwenda TRA. Kama hukukubaliana mwanzoni nani anaibeba hiyo kodi, mtagombana siku ya invois na aliyeandika bajeti ndiye atakayelia.

Makaratasi. Anayekuja kufanya kazi ya muda mfupi anaombewa viza ya biashara, dola 250, inakaa mpaka siku 90. Ya utalii ni dola 50 kwa nchi nyingi na ndiyo inayowashawishi watu, "si wanakuja wiki moja tu jamani, nani atajua". Tafadhali msifanye hivyo. Ukikamatwa wewe prodyuza unapoteza siku ya shuti, lakini yule binti wa miaka 22 uliyemwambia aseme yuko likizo ndiye anayekaa chumba cha uhamiaji, ndiye anayerudishwa, na ndiye atakayejieleza kwenye kila fomu ya viza maisha yake yote. Alikuamini wewe ujue sheria za hapa. Kwa Zanzibar ongeza mambo mawili: tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anatakiwa kuwa na bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44, hata kama ana bima yake nzuri ya kwao, na pia uhamiaji ni jambo la Muungano ila masuala ya kazi na ajira si ya Muungano, kwa hiyo ofisi ya kazi ya Zanzibar ina utaratibu wake na fixa wako, yaani mratibu wako wa hapa anayeshughulikia vibali, aanzie huko mapema.

Kazini. Hapa njia hii ina nguvu kweli. Dairekta amewachagua mwenyewe, amefanya nao mazoezi kwao, wanaongea lugha moja, na kama tangazo lina maneno ya Kijerumani basi Mjerumani ni Mjerumani, huwezi kuigiza hilo. Saa hazisumbui sana, Hamburg na Zanzibar tofauti ni saa moja kiangazi cha kwao na mbili majira ya baridi. Anayetoka Los Angeles ni saa 10 au 11, huyo ukimpeleka seti asubuhi baada ya kutua usiku utapata macho mekundu tu. Na jua jamani. Mtu mweupe katoka Ulaya mwezi Januari, siku ya mapumziko anakwenda kulala ufukweni, kesho yake anakuja makap akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa na nguo ya harusi haina mgongo. Andikeni kwenye mkataba kabisa, hakuna kuota jua kabla ya siku ya mwisho ya kamera.

Haki ya sura. Ajensi za Ulaya zitakuuliza vitu vitatu kabla hazijataja bei: chombo gani, nchi zipi, muda gani. Mitandao ya kijamii Ujerumani kwa mwaka mmoja ni bei yake, TV ya Ulaya nzima kwa miaka miwili ni bei nyingine kabisa, na mara nyingi malipo ya haki yanazidi malipo ya siku. Kwa Wamarekani kuna SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, ambacho kina kanuni kwamba mwanachama hafanyi kazi bila mkataba wa chama popote duniani, hata Kizimkazi. Na kwenye matangazo ya TV ya chama malipo yanahesabiwa kwa mizunguko ya wiki 13, tangazo likiendelea kuonekana na malipo yanaendelea. Prodyuza mdogo asiyejua hilo anaweza kusaini kitu ambacho mteja wake hawezi kukilipa.

Yakiharibika. Ndege ikichelewa au mtu akiugua huna mbadala karibu, na hii ndiyo shida kubwa ya njia hii. Hakikisheni bima inagusa kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa, Amref Flying Doctors wako Wilson pale Nairobi na wanafika Zanzibar, lakini bila bima iliyothibitishwa kuna simu nyingi za kupigwa usiku.

Inamfaa nani: mwenye mwigizaji anayebeba stori nzima, au tangazo lenye maneno ya lugha fulani, au sura ambayo brandi inaitumia kila mwaka.

Njia ya pili: ajensi za Cape Town

Watu wa hapa wengi hawaifikirii hii, wakati Wazungu wenyewe wanaijua miaka mingi. Kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, Ulaya ikiwa baridi na giza, prodaksheni za matangazo zinahamia Cape Town kufuata jua na mwanga mrefu, na wanamitindo wa kila nchi wanawafuata huko. Kwa hiyo ajensi za pale zina Mswidi, Mbrazili, Msenegali, na Waafrika Kusini wa kila rangi, wote kwenye faili moja.

Hela. Malipo mengi yanahesabiwa kwa randi na mara nyingi yanatoka chini kuliko kumtoa mtu huyo huyo Paris au London. Safari ni fupi, wengi wanapitia Johannesburg au Nairobi. Bado siku za safari na kamisheni zipo na ile 15% ipo vile vile, usijidanganye kwa sababu ni Afrika.

Makaratasi. Kuna mitego miwili. Raia wa Afrika Kusini hahitaji viza kuingia Tanzania kutembea, na hapo ndipo watu wanajisahau, maana kutembea si kufanya kazi na kibali chake cha kazi fupi bado unakihitaji. Wa pili ni yule Mbrazili anayeishi Cape Town kwa msimu. Yeye yuko kule kwa viza yake mwenyewe ya kazi fupi, sasa kabla hujamkatia tiketi ya Zanzibar uliza ajensi yake kama viza hiyo inamruhusu kutoka na kurudi ndani. Usije ukamaliza shuti yako vizuri halafu mwenzio akakwama njiani na kazi zake zote za msimu zikapotea kwa ajili ya siku zako mbili.

Kazini. Wako vizuri, wamezoea kufanya kazi kwa kasi na dairekta wasiyemjua, kasting, yaani usaili wa kuchagua waigizaji, inafanyika kwa video na unapata majibu haraka. Ila tofautisha mwanamitindo na mwigizaji. Mtu anaweza kupendeza kila pembe lakini ukimpa kitendo kidogo tu, asome barua halafu ahuzunike, anaganda. Kwenye video ya kujirekodi usiombe jina na urefu tu, mpe kipande cha kuigiza, hata sekunde 30 bila maneno.

Kuna jambo la majira ambalo ni muhimu kuliko yote hapa. Zanzibar misimu mizuri ni miwili, Juni mpaka Oktoba na ile ya Disemba mpaka Februari. Ya pili inakutana na msimu wa Cape Town moja kwa moja. Ya kwanza haikutani, Julai kule ni baridi na mvua na wale wanamitindo wa nje wameshaondoka kwenda kwenye kazi za Ulaya, unabaki na Waafrika Kusini wenyewe. Hao ni wazuri na wapo wengi, ila kama umemwahidi mteja "tutachagua kutoka watu wa dunia nzima" basi Julai hiyo ahadi ni nyembamba.

Haki ya sura. Utaratibu ni kama wa Ulaya, chombo, nchi, muda, na wako wazi, bei ya kuongeza mwaka wa pili unaweza kuipata mapema ikaandikwa kabisa.

Yakiharibika. Afadhali kidogo, ajensi ile ile inaweza kukupa mbadala, lakini hesabu angalau siku moja mpaka afike.

Inamfaa nani: shuti ya Disemba hadi Februari yenye sura nyingi za kuvutia na maneno machache, bajeti ya kati, na timu isiyo na muda wa kufanya kasting ndefu.

Njia ya tatu: waliopo hapa hapa

Hela. Hapa tiketi inapotea, hoteli labda inapotea, na siku ya akiba inakuwa rahisi. Mwalimu wa kaiti (mchezo wa kuteleza baharini kwa kuvutwa na tiara) Paje, wenza wenye mgahawa Mji Mkongwe, familia ya Masaki, mstaafu wa Arusha, unaweza kuwakuta ndani ya wiki moja kwa kuulizia. Kwa sababu si watu wa ajensi, prodyuza anashawishika kuwapa laki mbili na chakula cha mchana. Jamani, kama sura hiyo inakwenda kwenye tangazo la Ulaya, thamani ya sura ni ile ile. Mlipe mtu kulingana na matumizi, si kulingana na jinsi ulivyompata kirahisi. Na hili nalisema kwa nguvu zaidi kwa Watanzania na Wakenya, nimeona seti ambayo mgeni asiye na uzoefu wowote analipwa mara kadhaa ya mwigizaji wa hapa mwenye miaka kumi kazini, wamesimama kwenye fremu moja, wanafanya kitendo kimoja. Inaumiza, na inaonekana hata kwenye picha.

Makaratasi. Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Mgeni kuishi hapa hakumaanishi anaruhusiwa kukufanyia kazi wewe. Kibali cha ukaazi daraja A ni cha mwekezaji, B ni cha aliyeajiriwa na mwajiri fulani kwa kazi fulani, C ni cha wanafunzi, watafiti, wa kujitolea na wengine kama hao. Yule kijana wa kujitolea kwenye shule ya kijiji, mzuri, mcheshi, anapendeza kwenye kamera, hana ruhusa ya kulipwa na wewe. Kenya ni hivyo hivyo, mwenye pasi ya mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi kwa pasi hiyo, na shuti ikiwa upande wa Kenya kumbuka mtu wa nje anaombewa Special Pass (kibali cha kazi ya muda mfupi) na prodaksheni ya kigeni inapitia kwa wakala wa filamu aliyesajiliwa. Mfanyakazi wa UN pale Gigiri naye ana kanuni za kazi za nje, lazima mwajiri wake aridhie. Kwa hiyo kabla hujapenda sura, omba kuona kibali.

Ila kuna mlango mkubwa watu wanapita bila kuuona. Brifu ikisema sura za kimataifa haijasema pasipoti za kigeni. Tanzania ina raia wenye asili ya Kihindi, Kiarabu, Kiajemi, Kisomali, Kigiriki, kuna waliochanganya damu vizazi na vizazi, nenda Mji Mkongwe, Tanga au Upanga uone mwenyewe. Hawa ni wananchi, hakuna viza, hakuna kibali cha kazi, hakuna kodi ya asiye mkaazi. Familia ya mchanganyiko ambayo ungeitafuta Lisbon kwa mwezi mzima inaweza kuwa inakaa Kisutu. Na ukihitaji waigizaji waliosomea kazi, Nairobi na Kampala ziko jirani. Soko la pamoja la Jumuiya lipo tangu Julai 2010 na linarahisisha mambo kwa raia wa nchi wanachama, japo kibali bado kinaombwa, usimvushe mtu Namanga kienyeji.

Kazini. Hapa inabidi ufanye kazi mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera anaweza kuwa na sura nzuri halafu baada ya kurudia mara ya nane anachoka anataka kwenda kumchukua mtoto shule. Mpange muda mfupi, mpe vitendo anavyovijua, yule wa kaiti mwache apande kaiti, mzee mwache anywe chai yake kweli. Faida yake ni kwamba wanajua jua, wanajua maji yanajaa saa ngapi, na wanajua kwamba ukipita kijijini Jambiani unajifunga kanga, hupiti na nguo ya kuogelea mbele ya msikiti. Ukimleta mtu wa nje hilo lazima umfundishe kwa heshima kabla hajashuka kwenye gari, na mwezi wa Ramadhani mara mbili zaidi.

Haki ya sura. Hawana ajensi wa kuwatetea, kwa hiyo ndiyo sehemu ambayo uungwana wako unapimwa. Kuna karatasi zinazunguka mitaani, ukurasa mmoja, zimeandikwa matumizi ni dunia nzima, milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, malipo ni ya siku moja. Mtu anasaini akiwa amesimama, jua linamuwakia. Siku hizi ongeza na akili mnemba, sura na sauti inaweza kuchukuliwa ikatengenezewa matangazo ambayo mwenyewe hakuwahi kuyafanya. Waandikie kama ungewaandikia wa Paris: nchi hizi, muda huu, hakuna kutengeneza nakala ya kidijitali bila ridhaa ya maandishi, ukitaka kuongeza muda tunaongea upya. Mpe karatasi siku mbili kabla aisome. Tena inamlinda mteja wako pia, maana mkataba wa kumuwahi mtu ni rahisi kupingwa.

Yakiharibika. Hii ndiyo njia yenye ahueni kubwa. Mmoja akiugua unapiga simu, mwingine yupo umbali wa saa moja. Mvua ikinyesha mnaahirisha mpaka keshokutwa.

Inamfaa nani: hoteli na kampuni za utalii za hapa, video za mitandao, shuti yenye watu wengi wa nyuma, na shuti yoyote ambayo tarehe zake zinategemea bahari.

Sasa wewe uko kwenye hali gani?

Una mhusika mmoja mkuu anayeongea na wengine wanaonekana tu? Changanya. Mlete huyo mmoja kutoka kwao, waliobaki watoke hapa. Prodaksheni nyingi zenye akili zinafanya hivi na bajeti inapumua, ila wote wasaini karatasi yenye muda na nchi zile zile, vinginevyo mwaka wa pili utamkata mmoja kwenye picha.

Mteja hajui bado tangazo litaonekana wapi? Usifungue kasting yoyote, mlazimishe kwa upole aseme, maana bila hilo Ulaya na Cape Town hawatakupa bei ya kweli na wa hapa utawaonea bila kukusudia.

Kuna mtoto kwenye stori? Mimi ningeanza na familia inayoishi hapa, mama na baba wapo, shule inajulikana, analala kitandani kwake. Kumsafirisha mtoto kunataka ridhaa za wazazi wote wawili kwa maandishi na mtu wa kumwangalia muda wote, anza miezi kabla.

Umebakiwa na wiki mbili? Njia ya kwanza kwa makaratasi halali ni ngumu sana, ya pili inawezekana kama fixa wako ameshaanza maombi, ya tatu kwa raia inawezekana kabisa.

Shuti ni Disemba au Januari na unahitaji sura sita saba za kuvutia? Cape Town wapigie Septemba, wazuri wanashikwa mapema. Shuti ni Julai? Linganisha Ulaya na hapa hapa, Cape Town iwe akiba.

Na kama mteja anang'ang'ania Aprili kwa sababu hoteli ni bei nafuu, mwonyeshe masika ilivyo kabla hujamtafutia hata mtu mmoja. Siku tatu za mvua ukiwa na waigizaji wanne wa kutoka nje zinakula punguzo lote la vyumba, wakati kusogeza shuti mpaka wiki ya pili ya Juni kunagharimu barua pepe chache tu.